Doa Lililosimama Wima

Wako watu waliozaliwa na miguu ya kwenda, na wako waliozaliwa na makalio ya kukaa. Mimi ni wa kundi la pili. Sipendi kujisifu, lakini katika kundi hilo nilistahili kuwa mwenyekiti, maana kiti nilikuwa nacho tayari.

Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto alionishonea mama yangu, na mahali pake palikuwa karibu na dirisha la chumba changu kimoja pale Bondeni, Nakuru. Mchana nilikuwa karani kwenye ghala la mahindi, kazi niliyoipata kwa sababu ya kusoma shule ya sekondari. Jioni nilirudi kitini, nikachemsha chai na kuusikiliza mji ukipita nje bila mimi. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, miaka ya hali ya hatari, na mtu mweusi hakutoka hapa hadi pale bila karatasi ya ruhusa mfukoni. Nilikuwa na majirani waliolia kwa kunyimwa ruhusa ya kwenda kuwazika baba zao. Mimi nilipoalikwa popote nilisema, mnajua mambo ya ruhusa yalivyo magumu, na watu wakanionea huruma. Wenzangu walizuiwa na amri. Mimi nilizuiwa na mto wa mama. Hilo peke yake linatosha kuniinamisha kichwa, na bado sijafika kwenye pikipiki.

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, dereva wa malori, ambaye ni wa kundi la kwanza kabisa. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba lake upande wa Njoro, na alipopata kazi Kampala akaniachia mimi. Fremu yake ilipakwa rangi ile tunayoiita damu ya mzee, nyekundu iliyokoza hadi kukaribia weusi, na ilipopigwa jua ilionekana kama kitu cha kuliwa. Kaka aliniagiza mambo mawili. La kwanza, tangi lisikae tupu, lisije likashika kutu kwa ndani. La pili, niiendeshe, kwa sababu chuma kikikaa kinakufa.

Agizo la kwanza nililitimiza kama sala. Lile la pili nilijaribu. Niliisukuma hadi barabara ya nyuma ya mtaa, nikapiga teke, ikanguruma, ikaruka na mimi hadi kwenye mtaro, mbele ya akina mama waliokuwa wakichota maji mferejini. Hawakucheka. Walinyamaza wakaniangalia kwa upole, na mmoja akanitilia maji kwenye kata ninawe uso. Wangecheka ningerudi siku ya pili. Ule upole ndio ulionimaliza.

Basi nikaiingiza ndani. Niliisimamisha kwenye stendi yake kando ya kitanda, na jiko nikalihamishia nje kwa ajili yake, kwa kuogopa petroli. Juu ya tangi nilitandika kitambaa cha kufumwa, cheupe, chenye maua pembeni. Mwenzangu wa ghalani alipoingia mara ya kwanza aliniuliza kama mgeni huyu anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Wakati huo nilikuwa nimempenda msichana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tulikuwa tukiimba naye kwaya. Nyumbani kwao kulikuwa Rongai, kwenye shamba la mzungu, na baba yake alikuwa mnyapara wa shamba hilo, mtu aliyezoea neno lake kutembea mbele yake. Msichana alijua kwamba nina pikipiki nyumbani. Kila alipotaja kwamba siku moja nimbebe, nilikuwa na jibu. Plagi imechoka. Barabara ina matope. Matope yakakauka, nikasema vumbi. Alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho na kusema, "Haya, mwalimu," ingawa mwalimu alikuwa yeye.

Sikudanganya mtu. Hayo nilijiambia mara nyingi. Yeye alimwambia baba yake kwamba kuna kijana ana pikipiki, na ni kweli nilikuwa nayo, kama vile mtu anavyokuwa na kabati. Yaliyobaki mzee aliyajaza mwenyewe. Baada ya mavuno, akiwa amekaa na majirani zake kwenye pombe, alitamka mbele yao wote kwamba binti yake hatatoka pale kwa miguu wala kwa mkokoteni wa ng'ombe kama mabinti wengine wa shamba. Atatoka kwa pikipiki. Kwa watu wale, neno la mnyapara lililosemwa juu ya pombe mbele ya wazee halirudi mdomoni. Nikaletewa habari kwamba napaswa kufika Jumamosi nionekane. Haikuwa siku ya wazee wala ya mahari, ya kuonekana tu. Ila nionekane na pikipiki.

Ndipo nilipoondoa kile kitambaa cha maua na kuitazama vizuri, na nikaliona doa.

Chini ya tangi kulikuwa na kibomba kidogo cha kufungulia petroli, nacho kilikuwa kikivuja, tone kwa tone, muda wote ule niliokuwa nikiheshimu agizo la kutoacha tangi tupu. Petroli ilishuka kwenye kile chuma cha fremu kinachosimama chini ya kiti, ikakauka, ikashuka tena juu ya ile iliyokauka, hadi ikawa mstari wa rangi ya chai kali, mgumu kama utomvu wa mti. Sikushtuka sana. Mtu anayekaa nyumbani amezoeana na madoa. Lakini kesho yake nilipita mbele ya posta, na hapo ilikuwa imeegeshwa pikipiki ya polisi, nayo ilikuwa na doa kama langu, mahali pale pale. La kwake lilikuwa limelala. Lilikuwa limepeperushwa nyuma kama nywele za mtu anayekimbia, kwa sababu petroli ile ilivuja pikipiki ikiwa mbioni, upepo ukaichukua.

Langu lilikuwa limesimama wima, kama askari wa gwaride. Halikupinda hata unywele. Mtu yeyote mwenye macho angelisoma kama ubao wa shule: pikipiki hii haijawahi kwenda popote.

Nilirudi nyumbani mbio, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaanza kusugua.

Sabuni ya mche haikufanya kitu ila kulitakatisha, likaonekana zaidi. Mafuta ya taa yalililainisha kidogo juu, na kitambaa kikatoka na rangi ya njano. Nikafurahi, kumbe nilikuwa nimevua koti tu na shati likabaki. Sasa najua kwamba mafuta ya taa na subira vingetosha, kupaka na kungoja, kupaka na kungoja, siku nyingi. Cha ajabu ni kwamba mimi, niliyeweza kukaa kitini bila kujongea tangu chai hadi taa, subira ya kungoja doa sikuwa nayo. Nilijaribu jivu la jikoni, likakwaruza. Nikaliacha jivu.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyepika githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuza. Nikamwomba magadi. Aliniuliza ya nini, nikasema maharagwe yangu yamekataa kuiva. Akaniangalia, akauangalia mlango wangu, akauliza tangu lini mimi ninapika maharagwe. Lakini alinipa, kwenye jani la mgomba, na akaniambia maneno ambayo wapishi wote wa bonde letu wanayajua: "Kitu kilichokataa kulainika, magadi hukibembeleza."

Hapa elimu yangu ikaingilia. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyetufundisha kwamba magadi ni alikali, na kwamba alikali hula mafuta. Nilikumbuka mpaka ukurasa. Petroli ni mafuta, doa ni la mafuta, alikali italila. Nilijiona msomi mwenye akili pande mbili, ya ubaoni na ya jikoni. Nilikoroga magadi na maji ya moto yakawa uji mzito, nikaupaka kwenye doa na kwenye viungo vyote vya karibu, nikaufunga kwa kitambaa kama mtu aliyevunjika mguu, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Jambo ambalo sikumwuliza mwalimu wa sayansi ni rangi inatengenezwa na nini. Rangi nayo ni mafuta.

Jioni nilipofungua bandeji, doa lilitoka. Lilitoka na rangi yake, na rangi ya chini yake, hadi chuma kitupu kikatokeza, cheupe, kinang'aa. Na kwa kuwa niliufuata mstari ule ule kwa uangalifu mkubwa, chuma kitupu kilikuwa nacho kimesimama wima. Mwanzo doa langu lilinong'ona. Sasa lilikuwa linapiga kelele.

Mtu mwingine angetuma salamu kwamba ni mgonjwa. Nililifikiria, tena nilikuwa na kiti kizuri cha kuugulia. Lakini nilifikiri pia juu ya yule msichana wa kwaya, jinsi alivyosema "Haya, mwalimu" mara ya mwisho, polepole kuliko kawaida. Nikajua kwamba nikikosa kufika Jumamosi sitamwona tena akinitazama kwa pembe ya jicho. Nikaenda dukani nikanunua kopo la rangi ya viatu, damu ya mzee. Mwenye duka akaniuliza viatu vipya viko wapi. Nikapaka mstari wote, nikangoja, nikapaka tena, nikasugua kwa soksi hadi fremu ikang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Kwa macho yangu ilikuwa imepona. Kuyasafisha magadi kwenye viungo sikukumbuka, kwa maana kwenye viungo hakuna aliyeangalia.

Kufika Rongai ndiyo ilikuwa kazi nyepesi, na ndiyo inayonichoma zaidi. Malori ya mashamba yalileta mahindi ghalani na kurudi na magunia matupu. Jumamosi ile, ghala lilipofungwa adhuhuri, nikiwa na karatasi ya ruhusa niliyoandikiwa ghalani bila taabu, nilimwomba dereva mmoja, tukaipakia pikipiki, tukailaza juu ya magunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, na mimi nikakaa kando yake nikiishika mkono. Dereva alinishusha kwenye kona, kabla ya nyumba ya mzee kuonekana. Nikapangusa makapi ya mahindi kwenye magurudumu, nikavaa miwani ya vumbi ya kaka, nikaanza kuisukuma.

Mzee alikuwa akinisubiri mlangoni na majirani wake. Alikuwa amevaa koti zito lililofungwa vifungo hadi shingoni, na kofia ya ngozi yenye masikio ya kufunga kidevuni, juani, jasho likimtoka. Nilidhani ni ugonjwa wa baridi. Akaniuliza mbona hakusikia mngurumo. Nikamjibu kwamba niliizima kule barabarani ili nisiwashtue ng'ombe. Mzee akawageukia majirani, akawaambia kwa sauti ya mtu anayehesabu mali, "Mmesikia? Ana adabu hata kwa ng'ombe."

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa kavu na imeshikana.

Nilikaribishwa kwenye benchi nje ya nyumba, pikipiki ikasimamishwa mbele yetu ili kila mtu aone. Msichana wangu alileta chai, akaniwekea bila kunitazama, kama inavyotakiwa. Mama yake alikuwa jikoni. Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe hawasemezani. Kama mama ana neno kwako, analipitisha kwa mtu mwingine, hata kama mmekaa mnasikilizana. Mdomo wa mama siku ile ulikuwa ni dada mdogo wa mchumba wangu, ambaye nitamwita shemeji, kwa kuwa ndivyo alivyokuja kuwa, na kwa kuwa shemeji ana ruhusa ya kumtania mtu hadi kaburini. Alikuwa amekwisha kuanza kunitania. Alitoa uzi wa katani kwenye mgongo wa koti langu, akauinua juu, akauliza kama siku hizi Nakuru wanashona makoti kwa magunia.

Nilicheka pamoja nao. Chai ilikuwa tamu. Nilianza kuamini kwamba nitapona.

Ndipo ndama akaja. Alikuwa ndama mwekundu aliyefungwa vibaya, akatembea akipita katikati ya watu, akanusa gurudumu la mbele, akanusa injini, akafika chini ya kiti, akatoa ulimi. Alilamba mara ya kwanza kama anayeonja. Mara ya pili alifumba macho. Watu wakacheka, na mzee akasema kwamba hata mifugo ya nyumba hii inajua kitu kizuri. Nikacheka kwa sauti kuliko wote, nikijaribu kunyanyuka bila kuonekana nimenyanyuka. Mtu wa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa kwamba ng'ombe na magadi ni ndugu. Anaweza kuyafuata kutoka mlima hadi ziwa. Mimi, niliyekulia kati ya ng'ombe, hilo nilikuwa nimelisahau kwa sababu lilikuwa halimo kwenye kitabu cha sayansi.

Ndama alipoinua kichwa, mdomo wake ulikuwa umejaa wekundu. Mama mmoja akasema amejikata. Mzee akaruka, na kofia yake ile, akamshika ndama taya, akampanua kinywa, akaingiza vidole kutafuta jeraha. Vidole vikatoka vimepakwa damu ya mzee. Akavinusa. Nikaona uso wake ukitafuta mahali pa kuiweka harufu ile, na nikaona ulipopata, kwa sababu aliangalia viatu vyangu.

Mama alitoka jikoni. Hakunitazama. Alimtazama ndama, akaitazama pikipiki, akainama pale ambapo ulimi ulikuwa umepita. Rangi ya viatu ilikuwa imelambwa yote, na mstari mweupe ulikuwa unang'aa juani mbele ya mashahidi. Akakwangua kitu cheupe kwenye kiungo kwa ukucha, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kisha akamwambia binti yake mdogo, kwa utulivu kabisa:

"Mwulize mgeni, hii pikipiki alikuwa anaipikia maharagwe?"

Shemeji akanigeukia. Alikuwa ameyabana mashavu. "Mama anauliza, hii pikipiki ulikuwa unaipikia maharagwe?"

Nikamjibu shemeji kwamba ilikuwa na doa la petroli. Shemeji akamwambia mama, ambaye alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, kwamba mgeni anasema ilikuwa na doa la petroli. Mama akaufuata ule mstari kwa kidole, kutoka kwenye kibomba hadi chini, moja kwa moja.

"Mwambie kibuyu kinachobebwa kinachafuka pande zote. Kinachochuruzika mstari mmoja ni kile kilichotundikwa ukutani." Akangoja hadi shemeji alipomaliza kunifikishia. "Sasa mwulize, hii imetundikwa tangu lini."

Ningeweza kusema uongo mwingine. Ulikuwa tayari mdomoni, wa kwamba ilikuwa imekaa gereji. Lakini kumdanganya mtu kupitia kwa mtu mwingine ni lazima udanganye mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili nilimwona mchumba wangu amesimama mlangoni na birika, ananitazama sasa, waziwazi, mbele ya watu.

"Mwambie mama, tangu kaka yangu aondoke," nikasema. "Mwambie sijui kuiendesha. Imekuja kwa lori."

Shemeji hakulifikisha jibu langu kwa mama. Hakuna aliyehitaji.

Mzee akafungua ile kamba ya kidevuni. Akaivua kofia, akaishika mikononi, na nikaona kwamba masikio yake yalikuwa yameloa. Ndipo nilipoelewa. Koti, kofia, vifungo hadi shingoni: mzee alikuwa amevaa kwa ajili ya safari. Alikuwa amewaambia majirani kwamba mkwe wake atambeba hadi madukani, ili watu wa Rongai wamwone. Kofia ilikuwa ya kuazima. Mwenye kofia alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi, akitazama majani ya chai kwenye kikombe chake.

Nimeaibika mara nyingi maishani, na nyingine nilistahili zaidi. Lakini nikiulizwa aibu ina sura gani, naona mzee mwenye masikio yaliyoloa, akitafuta mahali pa kuiweka kofia ya kuazima.

Hakunifukuza. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na kofia, "Mimi nilisema mbele ya watu. Neno langu siwezi kulisugua na magadi. Atatoka hapa kwa pikipiki, au atakaa."

Pikipiki ikabaki pale, maana lori lilikuwa limekwenda. Mchumba wangu akanisindikiza hadi barabarani. Tulitembea mpaka kwenye kona.

"Kwa hiyo ile plagi," akasema.

"Haikuchoka."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja uchoke wewe."

Basi nilijifunza. Sina la kusimulia kwa ufahari. Kaka yangu alikuja likizo, akaiona fremu, akaniuliza kwa nini nimeinyoa. Akatengeneza fremu kwa rangi mpya, damu ya mzee ile ile, lakini kile kibomba hakupata kipuri chake, kikaendelea kuvuja. Kila Jumamosi nilipanda malori ya magunia hadi Rongai, na kaka akanifundisha kwenye njia ya katikati ya mahindi hadi likizo yake ilipokwisha, kisha nikaachwa na shemeji, ambaye alinifundisha kwa njia ya kucheka. Ndama ilibidi afungwe, maana kila alipoiona pikipiki alidhani nimemletea chakula. Nilianguka kwenye mahindi, nikaanguka kwenye ua wa mikonge, nikaanguka nikiwa nimesimama. Akina mama wa shamba hawakuninyamazia kama wale wa mferejini. Walinicheka hadi wakashika mbavu, na kwa hiyo wiki iliyofuata nikaweza kurudi.

Mtu wa kwanza niliyembeba alikuwa mzee. Hakuniomba, ila Jumamosi moja nilimkuta amekaa kwenye benchi na koti lake, kofia iko magotini. Nilimpeleka madukani na kumrudisha. Nilihisi mikono yake kiunoni mwangu, imenishika kwa nguvu, mikono ya mtu aliyewaamrisha watu miaka mingi, na niliogopa kuliko siku nilipoanguka mtaroni. Aliposhuka alisema tu kwamba ng'ombe wa mkokoteni wana haraka zaidi.

Siku ya kumchukua mke wangu, baada ya wazee kumaliza yao, nilimpakia nyuma, na nguo yake ameikusanya mapajani. Tukatoka kwa pikipiki, kama ilivyosemwa. Tulikwenda polepole hivi kwamba wazee waliokuwa wakitembea kando walinisalimu, wakaniuliza habari za Nakuru, nikawajibu zote. Tulifika kwenye kona ya barabara kuu, ambapo lori la magunia lilikuwa likitungoja, kwa sababu kuhusu Nakuru yenyewe mzee hakuwa ametamka kitu.

Watu walitufuata hadi kwenye kona kutuaga. Tulipokuwa tukiipakia, mama mkwe alikuja akainama tena chini ya kiti, kwenye ile rangi mpya. Kulikuwa na mstari mbichi wa petroli, uliovuja asubuhi ile tulipotoka mlangoni pake hadi pale. Ulikuwa umeshuka moja kwa moja. Mwendo wangu ulikuwa haujaweza kuinamisha hata tone.

"Mwambie mkwe," akamwambia shemeji, "hata upepo unamheshimu. Umemwacha wima."

Ndivyo nilivyopewa jina. Kwa wakwe zangu, tangu siku hiyo, mimi ni Bwana Wima. Pikipiki ilirudi kwa kaka, mimi nikarudi kwenye kiti, na mke wangu akaondoa kile kitambaa cha maua akakitandika mezani, mahali pake. Anapotaka nitoke nikanunue sukari nami nikasema kuna matope, hanibishii. Ananiangalia kwa pembe ya jicho na kuuliza kama anitandikie kitambaa kichwani.

Ubaya wa jina lile ni kwamba asiyejua hulisikia kama sifa. Lilinifuata hadi kanisani Nakuru, na Jumapili moja mzee wa kanisa, mgeni kwetu, alisimama kusema juu ya waume wa siku hizi. Akasema kwamba amesikia katikati yetu yuko ndugu ambaye hata ukweni wanamwita mtu wima, mtu asiyepinda, asiyepeperushwa na upepo wowote. Akaomba ndugu huyo asimame tumwone.

Sikusimama. Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko, huku amejiziba mdomo kwa leso na mabega yanatikisika. Wakwe zangu walikuwa wametutembelea siku hiyo, nao waliinamisha vichwa kama wanaosali. Mzee wa kanisa akarudia, akasema unyenyekevu nao ni dalili ya mtu wima.

Nikasimama, nikanyoosha mgongo, watu wakapiga makofi. Na kutoka benchi la akina mama, mahali shemeji alipokuwa amekaa, nikasikia mtu akilia kama ndama, taratibu sana.